Baleti na kiuno cha Pwani: kwa vijana wanaouliza waanzie wapi

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaojifunza dansi hapa Mombasa ni hili: nikiingia baleti, chakacha, ngoma yetu ya kiuno, niiache? Wazazi nao huuliza la kwao: huu mchezo wa Kizungu unampeleka wapi mwanangu? Mie nimecheza vyote viwili, na sasa nafundisha, kwa hiyo nitasema ninavyoona.

Baleti nayo ina kwao. Ilizaliwa katika makasri ya Italia, ikakulia Ufaransa, na mwaka 1661 Mfalme Louis XIV akaianzishia chuo mjini Paris. Ndiyo maana mwalimu wa Moscow, wa Tokyo na mie wa Kisauni sote tunazitaja hatua zake kwa Kifaransa. Ule mgongo wima na ile mikono ya upole ni adabu za watu wa kasri. Mwanafunzi akishalijua hilo hupungukiwa na woga, kwa sababu anaona anajifunza ngoma ya watu fulani, na yeye pia ana ya kwao.

Baleti ya kisasa ndiyo iliyorahisisha mambo. Nyonga bado zinafunguliwa nje na mguu bado unanyooshwa mpaka kidole cha mwisho, lakini unaruhusiwa kucheza pekupeku, kupinda mgongo, kuanguka chini na kubaki huko. Mtazame Dada Masilo (Dada ni jina lake), mtunzi wa dansi wa Soweto, Afrika Kusini, aliyefariki Desemba 2024 akiwa na miaka 39. Alichukua Giselle, baleti iliyoonyeshwa kwanza Paris mwaka 1841, hadithi ya msichana wa kijijini anayedanganywa na bwana mwenye cheo, akafa kwa uchungu, kisha akiwa mzimu akamsamehe na kumwokoa. Masilo alipoitunga upya mwaka 2017, malkia wa mizimu akawa sangoma, yaani mganga wa jadi wa Kusini mwa Afrika, na Giselle hakusamehe. Ngoma na nyimbo za Kusini mwa Afrika zilikuwemo, lakini kwangu mie uzito uko kwenye huo uamuzi. Nani anasamehewa, nani hasamehewi? Hapo ndipo mtunzi alipojitambulisha.

Basi ukitaka kuchanganya baleti na ngoma ya kwenu, usianze na kanga. Naona kazi nyingi za vijana wetu: dakika nane za baleti ya kawaida, halafu kanga inafungwa juu ya liotadi, lile vazi la baleti la kubana mwili, ngoma inapigwa kidogo, kanga inafunguliwa, baleti inaendelea. Hiyo ni iliki iliyonyunyizwa juu ya pilau iliyokwisha kupakuliwa.

Anza na mwili. Watu husema baleti inapanda na chakacha inashuka, na ni kweli kwa kiasi. Magoti ya chakacha yamelegea, uzito uko kisiginoni, kiuno kinafanya kazi. Lakini mwangalie mchezaji hodari wa chakacha kuanzia kifuani kwenda juu: mabega yametulia, uso umetulia, kana kwamba hajui huko chini kunatendeka nini. Mwalimu wa baleti anatafuta utulivu huo huo kwa miaka. Sasa fanya hivi. Shika fito ya ukutani (sisi tulianza na nondo za dirisha), shuka polepole kwenye plie, yaani kukunja magoti, na pale chini ambapo umefundishwa kuinuka mara moja, kaa. Visigino viwe sakafuni, mbavu zitulie, kiuno kiitikie ngoma, kisha inuka bila kubadilisha uso. Ni kazi ngumu kuliko inavyosomeka. Mapigo ya chakacha ni sita, na unaweza kuyasikia kama matatu mara mbili au mawili mara tatu, inategemea umemfuata mpiga chapuo, ile ngoma ndogo, au mpiga vumi, ile kubwa. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu mpaka nane hupotea hapo, na mie humwacha apotee kidogo.

Usiishie kwenye chakacha pia. Goma la wanaume wa Lamu, lile la kanzu na bakora katika safu, lina mwendo wa taratibu ambao ukiuiga kwa dakika kumi mapaja yatalia. Wagiriama nao wana elimu nzima ya mabega.

Halafu kuna suala la ruhusa, na hapa nakaza uzi. Mama zetu walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, mjini humu, vyenye vyeo na ushindani mkali, kabla sisi hatujazaliwa. Chakacha ya harusini ni ya wanawake, mlango umefungwa, na simu haziruhusiwi. Usirekodi. Nenda, cheza, rudi nyumbani na kilichobaki mwilini. Kisha mtafute somo, yaani kungwi, au mama anayeheshimiwa katika ngoma hiyo, umwonyeshe ulichotunga kabla hujakipandisha jukwaani, na akikwambia kipande fulani ni cha ndani, kitoe. Bibi mmoja wa Kibokoni alinitolea kipande nilichokipenda kuliko vyote, na kazi ikawa nzuri zaidi. Ngoma za pepo ziache kabisa. Watu wamepona pale, au wanaamini wamepona. Si pambo lako.

Utaitwa hotelini, hilo halina budi. Hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini ilitutaka tuvae manyoya na ngozi ya chui ya kitambaa ili wageni waone Afrika. Manyoya, Mombasa! Tulikataa, wakaita kundi lingine. Nawashauri muulizie mavazi kabla ya kuulizia malipo, maana ukishataja bei ni vigumu kurudi nyuma.

Kuhusu viatu vya ncha, vile vya kusimamia vidole: ncha imejengwa kwa vitambaa na karatasi ngumu zilizogandishwa kwa gundi, na unyevu wa mji huu huilegeza upesi. Usivifungie kwenye mfuko wa plastiki. Vitundike mbele ya feni. Rangi yake ya waridi iliteuliwa ifanane na ngozi ya Wazungu, ili mguu uonekane mstari mmoja mpaka kidoleni. Arthur Mitchell, mchezaji Mweusi wa baleti wa New York, alianzisha kundi la Dance Theatre of Harlem mwaka 1969, na katika miaka ya sabini wachezaji wake wakaanza kuvaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi zao. Mwaka 2018 kampuni ya Freed of London, ikishirikiana na kundi la Ballet Black, ilianza kuuza viatu vya kahawia. Hapa kuvipata ni shida na bei, kwa hiyo tunapaka poda ya uso yenye rangi yetu kwenye viatu, na taiti tunazichemsha kwa majani ya chai. Jaribu kwenye kipande kwanza, kwani zingine hutoka na mabaka.

Usiruke juu ya saruji tupu. Weka plaiwudi, na chini yake vipande vya sponji, la sivyo utapata maumivu ya muundi.

Mavazi darasani yawe ya kubana kiasi, maana mwalimu lazima aone goti. Hijabu haina tatizo lolote, bora tu ibanwe vizuri. Jukwaani sketi ndefu huweza kupendeza kuliko taiti tupu. Mama akitaka kujua mnafanya nini, mkaribishe siku ya mazoezi ya kawaida badala ya kungoja onyesho. Darasa letu la wasichana huwa tumeshusha mapazia, kwa hiyo abishe hodi kwanza.