Hujui cherehani? Omba tu

Umeuliza kama asiyejua kushona anaweza kusomea sanaa ya vitambaa chuoni. Anaweza kabisa! Kushona ni kipande tu. Kuna kufuma, kutia rangi, kuchapa, kutarizi. Kwenye kitanda cha mfumi utapitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, juu na chini ya nyuzi za mtande, zile zilizotandwa kwa urefu, na ukiuvuta kupita kiasi, kingo za kitambaa zinavutwa ndani. Hapo ndipo mkono unapojifunza. Hata msanii maarufu wa ufumaji, Anni Albers, aliingia Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu huko Ujerumani, mwaka 1922, na ufumaji haukuwa chaguo lake la kwanza. Mwaka 1949 MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, ikamfanyia maonyesho yake peke yake. Kwenye jalada lako la maombi weka michoro na vipande vya majaribio, hata kile ambacho rangi iligoma kushika. Tafadhali usikitupe.