Maswali na Majibu: Ndevu Zako Kipupwe Kinapoingia

Kila masika yanapokwisha na upepo wa kusi kushika nguvu, barua kuhusu ndevu huongezeka, kwa kuwa hewa hukauka na ngozi iliyovumilia kila kitu wakati wa joto hukataa kuvumilia tena. Nimechagua maswali machache yanayowagusa wengi. Ninaowajibu kwa kirefu ni wale ambao kosa lao ninaliona kila wiki kwenye shingo za vijana.

Swali: Tangu baridi ianze, ngozi chini ya ndevu zangu inawasha na kutoa unga mweupe. Ninyoe zote? (Msomaji, Makete)

Usinyoe kwanza. Makete ya Juni na Julai ni mahali ambapo watu huoga maji ya moto sana, na maji hayo pamoja na sabuni ya kufulia huondoa mafuta yote ambayo ngozi imejitengenezea. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua, kisha paka mafuta kidogo wakati ndevu zingali na unyevu, ukihakikisha yanafika kwenye ngozi yenyewe. Ikiwa tatizo ni ukavu tu, utaona nafuu ndani ya siku chache.

Ikiwa unga huo una rangi ya manjano na mafutamafuta, na wekundu unaonekana pia pembeni mwa pua na kwenye nyusi, hiyo ni mba. Husababishwa na fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu, na mafuta mengi huwalisha, kwa hiyo anayejimiminia mafuta ya nazi asubuhi na jioni anazidisha kile anachokitibu. Tumia shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, mara mbili kwa wiki, uiache kwa dakika kama tano kabla ya kuisuuza, na uendelee hivyo kwa wiki mbili hadi nne.

Lipo jambo la tatu, nalo nalisema kwa sababu mkoani Njombe wengi wanafuga. Ukiona sehemu imevimba, ina usaha au magamba, na udevu ukivutwa unatoka bila maumivu, nenda hospitali. Fangasi wa ng'ombe huweza kuhamia kwenye ndevu za mfugaji, huingia ndani ya shina la udevu mahali ambapo krimu haifiki, na tiba yake ni vidonge vinavyoandikwa na daktari.

Swali: Ni kweli kwamba baridi huotesha ndevu haraka? (Msomaji, Mwanza)

Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 1991 uliona kinyume chake: ndevu za wanaume waliopimwa zilikua polepole zaidi Januari na Februari, yaani katikati ya baridi yao, na kasi ikapanda hadi Julai, wakati wa kiangazi chao, ikawa juu kwa takriban asilimia 60. Mwanza iko karibu na ikweta na urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo usipange ndevu zako kwa kalenda.

Swali: Nina miaka 19 na mashavu yangu yana mabaka yasiyo na ndevu. Ninyoe kila siku ili zijae? Na ni mafuta gani yanaotesha haraka? (Msomaji, Dodoma)

Nimeulizwa hivi mara nyingi, na anayeuliza kwa kawaida ameshaanza kunyoa kabla jibu halijamfikia. Mwanaanatomia wa Marekani, Mildred Trotter, alilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1928: kunyoa hakubadili unene wa nywele, rangi yake wala kasi yake ya kukua. Udevu uliokatwa huonekana mnene kwa sababu ncha yake ni butu, basi.

Wingi wa ndevu huamuliwa na urithi na jinsi mashina ya nywele yanavyoitikia homoni, na kwa wanaume wengi huendelea kuongezeka hadi miaka ya ishirini na kitu, wengine hata baada ya 30. Mafuta ya nyonyo, ya habasoda na ya nazi hulainisha na kung'arisha ndevu zilizopo, lakini hayaoteshi zisizokuwepo, na anayekuuzia chupa kwa ahadi hiyo anakula fedha yako.

Najua swali litakalofuata ni minoksidili, dawa ambayo vijana huipaka usoni ili kuotesha ndevu. Dawa hiyo ilianza kama tiba ya shinikizo la damu, na inapopakwa usoni sehemu yake huweza kuingia mwilini. Wapo wanaopata mapigo ya moyo ya kasi, kizunguzungu, au ngozi kukauka na kuwasha, na kipindi cha kipupwe ukavu huo huwa mbaya zaidi. Mwenye matatizo ya moyo au shinikizo la damu asiiguse bila daktari. Wewe una miaka 19. Acha umri ufanye kazi yake.

Swali: Nikinyolewa napata vipele shingoni, na wakati wa joto huzidi. Kinyozi alinipaka krimu vikapotea, sasa vimerudi vingi na ngozi imekuwa nyeupe. (Msomaji, Temeke)

Kaka, barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu hii mapema. Ndevu zetu nyingi zimejikunja. Unapozinyoa hadi chini kabisa kwa wembe, hasa ule wa makali mengi unaovuta udevu juu kabla ya kuukata, ncha iliyochongeka hubaki chini ya ngozi, na inapokua hugeuka kama ndoano na kujichoma ndani. Mwili huuona udevu huo kuwa kitu kigeni na kupigana nao, ndipo kipele hutokea. Jasho la kiangazi na msuguano wa kola ya shati huongeza uchungu, lakini chanzo ni kunyoa kwa karibu mno.

Sasa krimu. Krimu ya kopo lisilo na jina inayoondoa vipele kwa siku mbili na kuing'arisha ngozi karibu kila mara ina steroidi kali kama klobetasoli, na nyingine huongezwa haidrokwinoni au zebaki ili kuchubua ngozi. Steroidi hutuliza uvimbe, kwa hiyo unadhani umepona, huku ngozi ikiwa nyembamba, rangi ikipotea na vijidudu vikipata nafasi. Ukiiacha, vipele hurudi kwa nguvu zaidi. Hakuna kinyozi aliyesomea kutoa dawa hiyo, na inaniumiza kuona uso wa kijana wa miaka 25 ukiharibiwa na mtu anayelipwa kumpendezesha. Nenda kwa daktari wa ngozi na kopo hilo mkononi ili ajue ulichopakwa na akuongoze namna ya kuliacha.

Wakati huohuo, weka wembe kando kwa angalau wiki nne. Usichokonoe vipele kwa sindano, kwa maana wengi wetu tuna ngozi inayoota makovu ya kuvimba, na kovu la namna hiyo shingoni ni gumu kuliko kipele chochote. Baada ya hapo tumia mashine inayobakiza milimita moja hadi tatu. Ukilazimika kutumia wembe, tumia wa kali moja, lainisha ndevu kwa maji ya uvuguvugu, fuata upande zinakolalia, wala usiivute ngozi. Utaonekana una kivuli cha ndevu mchana. Kizoee.

Swali: Ndevu zangu hushika barafu nikitembea nje wakati wa baridi. Zitakatika? (Msomaji, Toronto)

Hukatika ukizivuta zikiwa zimeganda, kwa hiyo iache barafu iyeyuke yenyewe, usitoke na ndevu mbichi, na upake mafuta kabla ya kutoka, kwa sababu joto la mitambo ya ndani ya nyumba nalo hukausha ngozi.

Swali: Nipake piko kuficha mvi za ndevu kabla ya harusi ya mwanangu? (Msomaji, Unguja)

Mzee wangu, usipake. Rangi nyeusi ya piko hutokana na kemikali ya kutia rangi nywele ambayo kwa baadhi ya watu huunguza ngozi na kuacha mzio wa maisha. Hina safi haina kemikali hiyo, ingawa itakupa wekundu na si weusi, na mvi siku ya harusi ya mtoto ni heshima.

Swali: Kinyozi wangu hupuliza spiriti kwenye mashine kisha anaendelea na mteja mwingine. Inatosha? (Msomaji, Mombasa)

Haitoshi. Kwanza nywele na mabaki yaondolewe kwa brashi, kwa sababu spiriti haifiki chini ya uchafu. Kisha meno ya mashine yaloweshwe kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa yakauke yenyewe. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na mkwaruzo usiouona unatosha kuviingiza. Wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele yako. Ukiweza, nunua mashine yako mwenyewe uende nayo. Ni gharama ya mara moja. Na kwa kuwa umekaa kwenye kiti hicho kwa muda mrefu, nenda ukapime homa ya ini B, na ukikutwa huna, omba chanjo, ambayo kwa mtu mzima kwa kawaida hutolewa mara tatu ndani ya miezi sita.