Maswali ya wasomaji: Rangi yenye ukungu, stika na vumbi la Newala

SWALI: Nimepulizia modeli yangu ya Land Rover (1:24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe) rangi nyeusi ya kung'aa. Ilipokauka ikafanya weupe, kama imemwagiwa maziwa. Nilipuliza jioni barazani, mvua imetoka kukatika. Je, kopo ni bovu?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Kopo halina kosa, saa ndiyo mbaya. Tina iliyomo kwenye rangi huruka upesi, na ikiruka inaupoza uso wa modeli. Hewa ya pwani baada ya mvua imejaa unyevu, nao unatua hapo kama jasho la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, kisha unanaswa ndani ya rangi.

Weupe ukiwa mwepesi, ngoja siku kavu ya jua, upulize koti jembamba la rangi ileile. Tina yake mara nyingi huilainisha ya chini na ukungu ukaondoka. Ukiwa mzito, sugua kwa msasa wa maji namba 1000 na upige rangi upya. Kingoni mkono uwe mwepesi mno, maana hapo rangi ni nyembamba na plastiki hutokeza mara moja. Usijaribu kufuta kwa tina ya gereji: inakula plastiki, na mistari ya milango haitarudi.

Safari ijayo, puliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Loweka kopo dakika tano kwenye maji ya uvuguvugu (ya kuogea mtoto, si ya chai, na motoni lisikaribie kabisa). Simama sentimita 15 hadi 20. Ukisogea zaidi rangi inatiririka, ukienda mbali inakaukia njiani na kutua kama mchanga. Makoti matatu membamba, dakika 10 hadi 15 katikati, kisha funika modeli kwa boksi.

SWALI: Stika za maji (zile za kulowekwa kabla ya kubandika) zimebaki na mng'ao wa fedha pembeni. Nilizibandika juu ya rangi isiyong'aa.
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Hiyo ni hewa. Rangi isiyong'aa ina vishimo vidogo, na stika inalala juu yake bila kuvijaza. Piga vanishi ya kung'aa kwanza, iache siku nzima, ndipo ubandike. Zilizokwisha haribika, zitoboe kwa ncha ya sindano, tia tone la siki nyeupe iliyozimuliwa nusu kwa maji, ukandamize kwa pamba kutoka katikati kwenda nje. Jaribu kwanza kwenye stika usiyoihitaji.

SWALI: Naweza kutumia vumbi lenyewe la barabarani kulichafua Fuso langu la korosho, 1:24?
Msomaji, Newala

JIBU: Rangi yake ni sahihi, punje ndiyo tatizo. Punje ya milimita 0.2 ukiizidisha mara 24 inakaribia milimita 5, yaani lori lako limebeba kokoto kwenye bodi. Saga chaki nyekundu na ya kahawia, chekecha kwa soksi nyembamba ya kike, paka kwa brashi kavu juu ya vanishi isiyong'aa. Weka zaidi nyuma ya magurudumu na kwenye bodi la nyuma, kwani hewa inayozunguka nyuma ya gari ndiyo inayolivuta vumbi huko. Kwenye kioo cha mbele acha upinde safi wa waipa. Ukimaliza usipulizie vanishi nzito, italimeza vumbi lote.