Virusi havionekani, mbona kifua bado kinasumbua?

Inawezekana kabisa: kipimo cha damu cha mwenye VVU kisionyeshe virusi, na bado akakohoa na kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Ndani ya njia za hewa kuna seli zenye vijinywele vinavyosukuma makohozi kwenda juu. Protini za VVU, hasa Tat, huzorotesha kazi hiyo. Ute unakuwa mzito na bakteria wanapata makao. Tena virusi hujificha kwenye seli za kinga za mapafu hata ARV zikifanya kazi vizuri, kwa hiyo uvimbe wa chini chini hauishi. Sigara ndiyo inamaliza kabisa.

Ila kwanza TB. Mwenye VVU hasubiri kikohozi kifike wiki 2: kikohozi chochote, makohozi yaende GeneXpert, kipimo cha maabara cha TB. Ikiwa si TB, omba spirometria, yaani kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine. Uwiano wa FEV1 (hewa unayotoa sekunde ya kwanza) kwa FVC (hewa yote unayotoa) ukiwa chini ya 0.70 baada ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, njia za hewa zimebana kwa kudumu.

Ukiandikiwa pampu ya steroidi kama fluticasone au budesonide nawe unameza ritonavir, dawa iliyomo kwenye baadhi ya ARV, sema mapema. Zikikutana, steroidi hurundikana mwilini, uso unafura, sukari inapanda. Beclometasone, steroidi nyingine ya pampu, ni salama zaidi hapo.