Iten Imenikata Pumzi, Nirudi Mombasa?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni dada wa Likoni, miaka 26, kwetu kilomita 10 nazimaliza kwa dakika 52 bila taabu. Nimekuja Iten huku milimani kwa wiki mbili nijiandae na nusu marathoni, sasa juzi nimepanda kamlima kadogo tu nikashika magoti, moyo unadunda mpaka masikioni, kichwa kinagonga, usiku usingizi hamna. Watoto wa shule wananipita na mabegi mgongoni! Mwili wangu haufai huku?

JIBU: Marahaba binti yangu, mwili wako hauna kasoro, umetoka baharini ukarukia mita 2,400 kwa mkupuo. Watu husema huko juu oksijeni imepungua hewani, si hivyo, ni ileile asilimia 21, ila mgandamizo wa hewa umeshuka kama robo hivi kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakuingizia kidogo, ndio moyo unahangaika. Olimpiki ya 1968 kule Mexico City, mita 2,240 tu, Ron Clarke wa Australia mwenye rekodi ya dunia ya mita 10,000 alianguka akimaliza mbio mpaka akawekewa oksijeni, na dhahabu ikachukuliwa na Naftali Temu wetu, mtoto wa milima ya Kisii.

Basi hiyo saa ya mkononi ivue kabisa wiki hii ya kwanza. Kimbia na mwenzako mkipiga stori, ukishindwa kumaliza sentensi tembea, na fatleki ya Alhamisi (zile mbio za kikundi za kwenda kasi kisha polepole kwa zamu) kaa kando uangalie tu. Damu nayo ina mwendo wake, figo zinatoa homoni ya kuamsha uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi na hiyo ni kazi ya wiki tatu nne, kwa hiyo ukiweza ongeza siku. Chembe hizo zinataka madini ya chuma, kula maharagwe, mboga, nyama, ila chai (najua ya huku ni tamu) isubiri saa moja baada ya chakula maana inazuia chuma kuingia mwilini.

Ila kwenu pwani kuna familia zenye selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), hata kama we mwenyewe huumwi unaweza kuwa umeubeba, kapime kabla hujaongeza spidi, na ukisikia maumivu makali ubavu wa kushoto acha mbio uende hospitali. Kichwa kikizidi au ukianza kutapika usijikaze, panda matatu uteremke bondeni Kerio siku hiyohiyo.