Ukitaka Karmann Ghia, anza na bodi

Tangu niweke hapa picha ya gari langu, wenzangu kadhaa mlioko huku Ujerumani mmeniuliza namna ya kununua Volkswagen Karmann Ghia, lile gari la zamani la milango miwili, bila kuja kulia baadaye. Jibu langu ni lile lile: injini iache kwanza. Muuzaji atafungua mfuniko wa nyuma, atawasha, itanguruma vizuri, na wewe utaanza kuhesabu pesa. Tulia. Injini ile ni ya Volkswagen Beetle. Hata ikifa, nyingine zimejaa na mafundi wake hawakosekani. Kitakachokufilisi ni bodi, na sababu yake ni namna gari hili lilivyoundwa tangu mwanzo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha Karmann, mjini Osnabrück, kilikuwa tayari kinaiundia Volkswagen zile Beetle za kukunja paa. Wilhelm Karmann, mwenye kiwanda, akataka kitu cha kujidai zaidi, ila Volkswagen hawakuwa na haraka. Akamwendea Luigi Segre wa karakana ya Ghia kule Turin, Italia. Segre akachukua chasisi ya Beetle, akaivalisha bodi ya milango miwili, na mwaka 1953 Karmann akaonyeshwa gari lililokamilika. Wakubwa wa Volkswagen walipoliona, wakakubali. Lilizinduliwa Julai 1955, na mwezi uliofuata uzalishaji ukaanza Osnabrück, sakafu ya Beetle ikiwa imepanuliwa ili bodi ile pana ikae. Nani hasa aliichora, watu wanabishana hadi leo. Wapo wanaouona mkono wa mbunifu Virgil Exner wa Chrysler ya Marekani, maana Ghia walikuwa wakimjengea magari yake ya maonyesho. Ubishi huo nawaachia wenye muda.

Wewe mnunuzi angalia maungio. Fenda ya Beetle unafungua bolti, unaitoa, unafunga nyingine. Kwenye Karmann Ghia fenda za mbele na pua ni kitu kimoja. Vipande vilichomelewa ukingo kwa ukingo, maungio yakajazwa risasi (ile metali laini, iliyoyeyushwa), kisha mafundi wakasugua kwa tupa mpaka alama ikapotea. Ndiyo maana ukiipitishia kiganja kutoka kwenye taa hadi mlangoni husikii mkwaruzo wowote. Raha ya macho, lakini ikigongwa mbele hakuna njia ila kukata na kuchomelea upya. Na kwa pua ndefu vile na bampa nyembamba, zilizogongwa ni nyingi.

Kwa hiyo nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini. Ipitishe taratibu kwenye pua, kuzunguka taa na chini ya milango. Ikilegea kwenye ukanda mwembamba, usishtuke, huenda ni risasi ya kiwandani. Ikikosa cha kushika eneo la ukubwa wa sahani, hapo umekuta pati (lepe la kujazia mabonde ya bodi), na chini ya pati mara nyingi kuna kutu au bati lililokunjamana. Kisha lala chini. Gusa vizingiti vya milango kwa bisibisi: ndani yake hupita hewa ya joto kutoka kwenye injini, na vikioza gari linapoteza nguvu yake pamoja na joto la ndani. Angalia pia sehemu inapokaa betri, kule kwenye chumba cha injini, maana asidi hula bati.

Nilipokwenda kuangalia hili langu, mzee aliyekuwa akiliuza alinitolea jalada la picha za gari likiwa limevuliwa rangi yote. Picha hizo zilinishawishi kuliko rangi mpya iliyokuwa inang'aa mbele yangu. Mwenye gari lililotengenezwa upya akisema hana hata picha moja, punguza bei kichwani mwako au ondoka.

Mwaka gani? Za kabla ya Agosti 1959, zenye taa za mbele zilizokaa chini zaidi na injini ya sisi 1200 ya nguvu za farasi 30, ni za wakusanyaji. Mimi kwa kuendesha napendekeza zile za 1500 zilizoanza Agosti 1966: farasi 44 na breki za diski mbele. Tofauti utaiona usiku wa mvua. Na muuzaji asikutishe kwamba eti ni gari adimu. Hadi uzalishaji unasimama mwaka 1974, Volkswagen Scirocco ikichukua nafasi pale pale Osnabrück, kupe (zile za paa lisilokunjwa) peke yake zilikuwa zimezidi 360,000.

La mwisho ni namba ya H, yaani namba ya usajili ya Ujerumani yenye herufi H mwishoni. Gari likishapita miaka 30, likawa katika hali nzuri na ya asili, mkaguzi anaweza kulipitisha kama gari la kihistoria, na kodi inakuwa karibu euro 192 kwa mwaka. Mkaguzi huyo naye atalala chini na kuvigusa vizingiti, kwa hiyo kama ukaguzi wa H haujafanyika, mwambie muuzaji aufanye kabla hujatoa hata senti.