Blenda ya mkono jikoni kwetu: ipe tui na mchuzi, usiipe kunde

Kuna ujumbe umeingia kutoka Malindi, na kwa kuwa maswali ya aina hii yamekuwa mengi, jibu naliweka hapa kila mtu alisome. Dada anauliza kwa nini blenda yake ya mkono inamrushia mchuzi hadi ukutani, kwa nini thomu (kitunguu saumu) inazungukazunguka bila kusagika, na kwa nini mashine ilitoa harufu ya kuungua alipotaka kusagia kunde za bajia. Anamalizia kwa kusema hizi ni mashine za wazungu na supu zao, kwetu pwani hazina kazi.

Zina kazi, tena nzuri. Kinachokosekana ni mtu kujua mashine inafanyaje kazi kabla ya kuilaumu. Blenda hii ilibuniwa Uswisi na Roger Perrinjaquet, aliyeichukulia hataza mwaka 1950, na umbo lake halijabadilika sana tangu wakati huo: mota juu, mguu mrefu, na mwishoni kisu kidogo kilichofunikwa kwa kikombe chenye matundu ubavuni. Kisu kikizunguka kinavuta chakula kutoka chini na kukitoa kupitia yale matundu. Maana yake ni kwamba lazima pawe na majimaji ya kukibeba chakula hadi kwenye kisu. Yasipokuwepo, kisu kinakata kilichokigusa, kinachimba shimo, halafu kinazunguka hewani huku wewe umekaza kitufe na mota inachemka.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha angalia mambo mawili. Majimaji yafunike matundu ya kikombe na yazidi kama vidole viwili juu yake. Na chombo kiwe chembamba na kirefu kadiri ya kazi: sufuria pana yenye mchuzi wa kimo cha vidole viwili haifai hata kidogo, ila mchuzi uleule ukiumimina kwenye jagi unasagika vizuri. Wengi wanaolalamika kuhusu kuruka kwa mchuzi wanapikia sufuria pana.

Utaratibu wa kusaga: sufuria itoke motoni kwanza. Tumbukiza mguu mzima ukiwa umezimwa, uinamishe kidogo ili hewa iliyonaswa ndani ya kikombe itoke, kisha bonyeza. Anza na mwendo wa chini. Panda na kushuka taratibu bila kikombe kufika juu ya mchuzi. Ukimaliza, achia kitufe, subiri kisu kisimame, ndipo uinue. Mchuzi unaruka kwa sababu mtu ameinua mguu kisu kikiwa bado kinazunguka. Mguu ukinasa chini ya sufuria kwa mvuto, usiuvute kwa nguvu. Zima, uinamishe, utaachia wenyewe. Na kwa sufuria zetu za alumini, shikilia kikombe cha chuma sentimita moja juu ya sakafu ya sufuria. Kikisugua alumini kinaacha weusi wa kijivu ndani ya chakula, hasa mchuzi wa ukwaju au tungule (nyanya).

Sasa thomu na tangawizi, maana hili ndilo linalokera watu zaidi. Punje tano za thomu hazisagiki kwa blenda hii, na hakuna ujanja wa kuzifanya zisagike. Chukua kinu, dakika moja umemaliza. Blenda inafaa ukisaga akiba: gramu 200 za thomu iliyomenywa, gramu 100 za tangawizi, vijiko vinne vya mezani vya mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Tangawizi ikatwe vipande vyembamba kukingama nyuzi zake. Ukiikata kwa urefu, nyuzi zinajizungusha kwenye mhimili wa kisu na kukikaba. Weka vyote kwenye kile chombo kirefu kinachokuja na blenda, mafuta yakitangulia chini, na ubonyeze kwa mikupuo ya sekunde mbili mbili mpaka vilegee, ndipo usage mfululizo kwa sekunde ishirini. Ikigoma, ongeza kijiko cha mafuta. Maji yanafanya rojo liharibike upesi na liruke likiingia kwenye mafuta ya moto. Akiba hii iweke kwenye friza, kwenye vibati vya barafu, kila kibati upishi mmoja. Kuiacha mezani ni hatari ya kweli: thomu mbichi ndani ya mafuta, kwenye joto, inaweza kuota vijidudu vya sumu ya botulini bila harufu wala rangi kubadilika.

Kazi ambayo mashine hii inaifanya vizuri kuliko watu wanavyoamini ni tui. Haiwezi kukuna nazi, hilo tuelewane. Ukitia vipande vya nazi utasikia vikigonga kisu na utapata chengachenga. Nazi ikunwe kwa mbuzi kama kawaida, bila kufika kwenye ngozi ya kahawia, maana ile ikisagwa inalitia tui rangi ya uchafu. Kwa nazi moja kubwa tia maji mililita 350, ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia. Mafuta ya nazi yanaganda yakishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi, kwa hiyo maji ya friji yanayafanya yagande na kubaki kwenye machicha. Acha dakika tano nazi ilainike, kisha saga mara tatu, kila mara sekunde ishirini, ukipumzisha katikati. Kamua. Hilo ndilo kasimile lako, tui zito la kwanza. Rudisha machicha chomboni, tia mililita 400 nyingine za maji ya moto, saga mara moja tu, kamua tena upate tui jepesi la kupikia.

Angalizo moja hapa: machicha yaliyopitiwa na kisu yanakuwa madogo na yanapenya kwenye kifumbu. Usikasirikie kifumbu, hakikusukwa kwa kazi hiyo. Tumia kitambaa chepesi cha pamba, safi, kisichotiwa sabuni ya manukato. Na usisage dakika tano ukidhani utapata zaidi. Baada ya dakika moja unachoongeza ni unga wa machicha tu, na tui linakuwa na ukakasi ulimini.

Tui likikatika je? Mtu kaacha mchuzi ukachemka kwa moto mkali, mafuta yameelea juu na chini pamebaki maji yenye chembechembe. Kinachotokea ni kwamba protini za nazi zinazoshikanisha mafuta na maji zimeganda kwa joto. Toa samaki wote, na hakikisha hakuna mwiba uliobaki, kwa sababu mwiba uliosagwa huuoni mpaka uko kooni. Weka mchuzi pembeni dakika tatu, saga sekunde kumi na tano, utaona umeshikana tena. Urudishe kwenye moto mdogo tu. Ukichemka tena kwa nguvu utakatika tena, na safari hiyo hauponi vizuri.

Kwa samaki wa kupaka faida ni kubwa zaidi. Tungule mbili, pilipili, kijiko cha lile rojo la thomu na tangawizi, bizari, chumvi na tui jepesi vipikwe mpaka tungule zilainike kabisa. Toa motoni, saga mpaka pasiwe na ganda, ndipo utie kasimile na maji ya ukwaju na upike kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka rojo lishike mgongo wa mwiko. Rojo laini linang'ang'ania samaki juu ya makaa. Lenye vipande linadondoka na kuzima moto wako. Nasisitiza tungule zipikwe kwanza. Ukisaga tungule mbichi unaingiza hewa, zinatoka na rangi ya waridi na povu, na inakubidi uzikaange muda mrefu kuliko ungezikatakata.

Maharagwe ya nazi: nusu kilo ikishaiva, teka pawa mbili, saga kwenye jagi, rudisha sufuriani kabla ya kutia kasimile. Mchuzi unakuwa mzito bila unga. Wasiopenda kuosha jagi watatumbukiza blenda moja kwa moja na kubonyeza mara mbili. Ni sawa, ila mbili ziwe mbili. Mbaazi za kula na mahamri usiziguse kabisa. Mbaazi ni za kuonekana punje.

Vitunguu vya pilau pia viacheni. Naona watu wanavisaga vibichi ili kuokoa muda, halafu wanauliza kwa nini pilau yao haina rangi. Kitunguu kilichosagwa kimetoa maji yake yote, na mpaka maji hayo yakauke kitunguu hakikaangiki, kinachemka tu. Wakati huo ule ukali wa kitunguu kibichi kilichopondwa umeshaenea kwenye mafuta. Vikateni vyembamba. Hakuna mashine ya mkono itakayowapunguzia hilo.

Turudi kwenye bajia. Kunde zilizolowekwa na kuambuliwa zinataka kusagwa na maji kidogo mno, na hilo blenda ya mkono haiwezi: kisu kinachimba shimo lake na kubaki hewani. Ukiongeza maji ili izunguke, bajia zinakunywa mafuta na kusambaratika karaini. Harufu aliyoisikia dada ni ya mota iliyolemewa. Kinu, au mashine ya kusaga ya kuzungusha kwa mkono. Viazi vya katlesi navyo ni hivyohivyo, kwa sababu nyingine: kisu kinapasua chembe za wanga na viazi vinavutika kama gundi. Viponde kwa mwiko. Mchele wa vibibi na mkate wa kumimina unawezekana ukilowekwa usiku kucha na kusagwa kidogo kidogo ndani ya tui, lakini chuja, saga tena masalio, na hata hivyo blenda ya jagi inakushinda kwa ulaini. Mayai ya mkate wa mayai yanahitaji mchapo wa waya; kisu hakiingizi hewa ya kutosha na mkate unatoka bapa.

Juisi ni rahisi. Embe la ngowe lililoiva, maji ya baridi, ndimu. Embe lenye nyuzi nyingi likatwe vipande vidogo na juisi ichujwe. Pasheni ipige sekunde tatu tu kisha uchuje, maana mbegu zikivunjika zinaacha vijiwe vyeusi na uchungu. Ukwaju loweka na ukamue kwa mkono, kokwa zake zinatia kisu mapengo. Barafu usiivunje humu isipokuwa kitabu cha mashine kimeruhusu.

Mayonesi ya chipsi: yai zima moja lisilo la baridi, kijiko cha ndimu, chumvi, mafuta mililita 200 juu yake, vyote kwenye chombo chembamba. Kalisha kikombe juu ya kiini, bonyeza sekunde kumi na tano bila kusogeza mpaka weupe uonekane chini, ndipo uinue polepole. Ukisogeza mapema, mafuta yote yanaingia kwa pamoja na hayashikani. Yai ni bichi, kwa hiyo iwekwe kwenye friji na iliwe siku hiyo au ya pili. Watoto wadogo na wajawazito wasipewe.

Sasa vidole. Kitu kikinasa kwenye kisu, chomoa plagi ukutani kabla ya kukigusa. Kuachia kitufe hakutoshi, kwa sababu mkono mwingine umeshika mota, na kitufe kiko palepale unapokaza. Nalirudia kwa anayesoma harakaharaka: chomoa plagi.

Kuosha ni palepale, kabla tui halijakauka. Jagi la maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, washa sekunde kumi, suuza, kausha kwa kitambaa. Mota haiingii majini, inapanguswa tu. Hapa kwetu Lamu hewa ina chumvi na maji ya visima vingi yana chumvichumvi, na chuma kinachoitwa hakishiki kutu kinashika madoadoa ukikiacha na unyevu. Mguu ulazwe mahali pa hewa mpaka ukauke ndani, usiufungie kwenye mfuko wa plastiki. Madoa yakishaanza, yasugue kwa siki na kitambaa laini.

Anayenunua, wati 500 hadi 600 zinatosha nyumba ya kawaida, mguu uwe wa chuma na unaochomoka. Wa plastiki unachukua rangi ya bizari na kupasuka kwa mchuzi wa moto. Mashine ya wati 600 kwenye umeme wetu wa volti 240 inatumia ampea mbili na nusu tu, kwa hiyo kwenye plagi ya pini tatu fyuzi ya ampea 3 inalinda vizuri kuliko ile ya 13. Umeme ukiwa hafifu, mota inazunguka polepole, unasaga muda mrefu na inapata moto. Nyingi zinataka kupumzishwa kila baada ya dakika moja hata umeme ukiwa mzuri. Mota ikinguruma na kisu hakizunguki, chomoa, toa nyuzi za tangawizi kwenye mhimili. Kama hakuna nyuzi, tazama kile kiungo cha plastiki kati ya mota na mguu, meno yake yatakuwa yamelika. Hicho hubadilishwa. Lakini ukiona grisi nyeusi ikivuja kwenye kikombe, mpira wa mhimili umekwisha na ile grisi inaingia kwenye chakula, kwa hiyo mguu huo usiutumie tena mpaka ubadilishwe.